Wimbo ukipokelewa kimya, tuma swali moja

Napiga dansi la magitaa hapa Kigoma, muziki ambao vijana wengi wanauona wa wazee, na wimbo wangu unaweza kumaliza wiki bila mtu kusema neno. Kilichonisaidia ni hiki: usiuweke stetasi ukakaa kusubiri. Chagua watu watatu wanaoujua muziki huo, mtumie kila mmoja kivyake kwa WhatsApp pamoja na swali la sehemu moja tu: "Pale dakika ya pili, besi inalifunika gitaa la solo?" Swali kama hilo ni vigumu kulijibu vizuri bila kusikiliza, kwa hiyo likijibiwa kwa maelezo unajua kuna sikio lilikuwepo. Idadi ya waliotazama haikupi hilo. Mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi, hapahapa Kigoma, alinirudishia ujumbe wa sauti, wenzake wanasikika wakipiga soga kwenye nyavu, akaniimbia kwa mdomo jinsi solo ingeingia. Nimeusikiliza mara nyingi mno. (Ukiwatumia wavuvi wa dagaa, chagua siku za mbalamwezi, hawaendi ziwani, wana nafasi.)

Ukiuliza "umeuonaje?" utaambiwa "kali sana", basi. Ndugu anayeogopa kukuumiza naye hafai. Usimwandame mtu yuleyule kila wiki, atakukwepa. Mimi natuma wimbo mmoja kwa mwezi. Na kama kinachokuuma ni malipo ya shoo uliyozungushwa, njia hii haitakutuliza. Hiyo ifuatilie kama deni.