Difu Ikikoroma Usikimbilie Kuichomelea: Namna ya Kuijua na Kuitunza LSD

Kipindi cha mvua kilichopita, mama mmoja anayenunua asali vijijini huko Sikonge aliniletea Hilux yake hapa Isevya, Tabora, ikiwa inakoroma huku nyuma. Akikata kona kali polepole, kama vile anaingiza gari getini, chini panalia gu-gu-gu na bodi lote linatetemeka. Akinyoosha usukani, kimya. Gereji aliyopita kabla ya kuja kwangu walishamwambia krauni na pinioni, zile gia kuu za ndani ya difu, zimekwisha, atafute difu nzima, yaani kile kisanduku cha gia cha katikati ya ekseli kinachogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma. Mwingine akamshauri achomelee spaida, zile gia ndogo za ndani zinazoruhusu tairi moja kuzunguka tofauti na jingine, ili gari lisinase tena kwenye mbuga.

"Mama, oili ya difu ulibadilisha lini?" nikamuuliza.

"Mwezi uliopita, fundi. Walimwaga ya zamani wakaweka mpya, nimesimama hapohapo naona."

"Waliweka oili gani?"

"Oili ya difu. Kwani si zote ni moja?"

Si zote ni moja, na kwa kutolijua hilo watu wanatupa difu nzima. Nikaingia chini ya gari. Karibu na tundu la kujazia oili kulikuwa na kibati kidogo kimeganda tope. Nilipokisugua kwa kitambaa cha dizeli zikatokea herufi tatu: LSD, kifupi cha limited-slip differential, yaani difu inayozuia tairi moja kuteleza peke yake.

Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa matairi mawili, na anayepanga ukubwa wa mgao ni tairi lenye mshiko mdogo. Tairi la kushoto likiingia kwenye utelezi likaweza kusukuma kwa nguvu ya kilo 20 tu, la kulia nalo litapewa 20, hata kama limekanyaga changarawe kavu. Ndiyo maana unaona pikapu imekwama, tairi moja linazunguka bure na kurusha tope, jingine limetulia kama halihusiki.

LSD inapunguza shida hiyo. Zilizo nyingi kwenye pikapu na magari ya kazi zina pleti nyembamba zilizopangwa kama sahani kabatini: moja imeshikana na ekseli, inayofuata imeshikana na nyumba ya difu, hivyohivyo mpaka mwisho, na zimebanwa kwa springi. Tairi moja likitaka kukimbia peke yake, pleti zinasuguana na kulivuta lirudi kwenye mwendo wa mwenzake. Difu ya aina hii ikiwa na uwezo wa kumpa mwenye mshiko mara mbili na nusu ya anayeteleza, zile kilo 20 za kushoto zitaambatana na 50 za kulia. Jumla 70 badala ya 40. Kwenye tope la Tabora hiyo ndiyo tofauti ya kufika na kulala njiani.

Zipo pia LSD za gia tupu zisizo na pleti, maarufu ni Torsen, iliyowekwa kwenye baadhi ya RAV4 za mwanzo. Na zipo za majimaji mazito ya silikoni, ambazo utazikuta nyuma ya Forester nyingi. Za pleti ndizo zinazohitaji uangalizi zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo.

Kibati peke yake usikiamini. Magari yetu yamebadilishwa difu mara nyingi. Gari linaweza kuwa na kibati bila LSD, au LSD bila kibati. Pima hivi. Egesha pa tambarare, weka magogo mbele na nyuma ya matairi ya mbele, zima injini. Nyanyua nyuma yote, matairi yote mawili yaache ardhi, ukalize gari kwenye stendi imara, si jeki peke yake. Toa gia, achia hendibreki. Chora mstari wa chaki kwenye kila tairi, kisha zungusha moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, hiyo ni difu ya kawaida, au ni LSD ambayo pleti zake zimelika. Yakienda upande mmoja pamoja, na ukimpa mtu ashike moja huku wewe ukilazimisha jingine likasogea kwa ugumu, LSD ipo na ina uhai. Torsen na zile za silikoni zinaweza kukudanganya kwenye kipimo hiki, kwa sababu nyingi hazina springi za kubana, kwa hiyo tairi litazunguka kinyume ingawa difu ni nzima.

Hapa nisikilizwe vizuri. Gari lenye LSD usiliwashe ukaingiza gia huku tairi moja likiwa juu ya jeki na jingine limekanyaga chini. Kwenye difu ya kawaida lile la juu huzunguka tu. Kwenye LSD lile la chini nalo linasukuma, na gari linaruka kutoka kwenye jeki. Vijana wangu hili nawafundisha siku ya kwanza, kabla hawajashika spana.

Sasa oili. Pleti za LSD zinataka oili ya GL-5, daraja la oili ya gia za difu, iliyoandikwa kwenye dumu kwamba inafaa LSD, au oili 90 ya kawaida iliyochanganywa na kile kichupa cha dawa ya LSD. Dawa hiyo inafanya pleti ziteleze kwa ulaini zinapopishana kwenye kona. Bila hiyo zinashika, zinaachia, zinashika, zinaachia. Mkoromo wa yule mama ulikuwa huo. Ukizidisha dawa nayo, pleti zinateleza kupita kiasi na LSD inakuwa kama haipo, kwa hiyo fuata kipimo cha kwenye kichupa. Na kama dumu limeshasema ni la LSD, usiongeze kitu.

Kabla ya kumwaga, fungua kwanza nati ya kujazia. Nimeona gari limemwagwa oili yote, halafu nati ya juu imeganda haifunguki, na mwenye gari yuko safarini. Mwaga oili ikiwa bado na joto la barabara. Kisha chukua ile nati ya chini, nyingi zina sumaku, uiangalie juani. Uji mweusi laini ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno ya gia yanavunjika, hapo difu ifunguliwe. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Na maji yanaingia kirahisi huku kwetu. Difu imepata moto, unaitumbukiza ghafla kwenye maji ya kijito, hewa ya ndani inapoa na kunywea. Kama kipumulio kile kidogo juu ya ekseli kimezibwa na tope, difu inavuta maji kupitia kwenye sili. Kisafishe kila mvua zinapoanza. Ni kazi ya dakika tano.

Jaza oili mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu, gari likiwa limelala sawa. Mimi magari yanayoshinda porini nayabadilishia kila kilomita 20,000.

Kitu kingine kinachoua LSD kimyakimya ni matairi yasiyolingana. Tairi la 205R16 mzunguko wake ni kama mita 2.33. Ukiweka jipya kulia, na kushoto lililolika sentimita moja, mzunguko wa kushoto unapungua kama sentimita sita, hivyo tairi hilo litazunguka mara 12 zaidi kwa kila kilomita. Kutoka hapa mpaka Nzega ni zaidi ya kilomita 100. Piga hesabu: mizunguko zaidi ya 1,200 pleti zinasuguana kwenye lami iliyonyooka, bila kona yoyote. Nunua matairi ya nyuma mawili kwa pamoja, na ukinunua mtumba pima kwa futi ya kamba. Tairi la spea likiwa la saizi tofauti, lipeleke mbele na la mbele ulilete nyuma.

Barabarani, LSD ina faida na ina hatari yake. Kwenye tope ingia na gia ya pili, mguu mwepesi usiobadilika. Tairi moja likining'inia hewani kabisa, pleti chakavu au Torsen haitasaidia, maana mara mbili na nusu ya sifuri ni sifuri. Vuta hendibreki meno mawili au matatu huku ukiongeza moto taratibu. Breki inalipa lile la hewani uzito wa kusukumana nao, na lile la chini linapata nguvu. Ukitoka tu, iachie. Lakini kwenye barabara ya udongo yenye mgongo katikati, ikiwa imelowa na pikapu haina mzigo, ukikanyaga moto kwa pupa matairi yote mawili yanateleza kwa pamoja na mkia unashuka mtaroni. Difu ya kawaida ingeacha tairi moja likizubaa na kushika njia. Shika katikati, weka mzigo karibu na ekseli.

Kuchomelea spaida nakataa kabisa kwa gari la kutembea barabarani. Matairi yanafungwa kama kipande kimoja, kona inakuwa vita, ekseli inakatika, na kwenye lami iliyolowa gari linataka kwenda moja kwa moja. LSD iliwekwa kwenye Packard za Marekani tangu 1956 ili watu wapate msaada bila adhabu hiyo. Pleti zikilika zinauzwa peke yake, na fundi aliyetulia anazibadilisha.

Ya yule mama hazikuwa zimelika. Nilimwaga ile oili, nikaweka ya LSD, tukaenda kwenye uwanja wa wazi. Nikamwambia aendeshe polepole akichora namba nane, kushoto kisha kulia, ili oili ipenye katikati ya pleti. Raundi ya kwanza ilikoroma. Ya tatu ikakoroma mwanzo wa kona tu. Kufikia ya nane nilikuwa nasikia kokoto chini ya matairi.

"Fundi, mbona imenyamaza?" akauliza dirishani.

Nikamwambia azungushe mbili zaidi, arudi baada ya kilomita 500 tuangalie ile sumaku.