Jitengenezee kiprogramu cha kukukumbusha sabskripsheni kabla hela haijakatwa

Kama una Netflix, Spotify, Canva, ChatGPT, domeni, hostingi na ile stoo ya Google One, basi kuna uwezekano mkubwa kuna moja hapo unailipia na hata hukumbuki mara ya mwisho umeifungua lini. App za kufuatilia hivi vitu zipo kibao, ila zile zinazojisomea miamala zenyewe nyingi zimetengenezwa kwa benki za Marekani na Ulaya, we unayelipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa hazikuoni kabisa, na kichekesho ni kwamba nyingine nazo zinataka ulipie kila mwezi.

Tengeneza yako. Wikendi moja inatosha. Ila usianze na dashibodi na grafu za rangi, watu wengi wanafia hapo, wanahangaika wiki nzima na muonekano halafu data hamna. Kazi ya hiki kitu ni moja tu, kukwambia mapema kwamba hela inaenda kukatwa wakati bado una muda wa kukansel.

Anzia Google Sheets, haina haja ya seva wala database. Kolamu za muhimu ni jina la huduma, bei, sarafu, tarehe uliyoanza, inajirudia kila miezi mingapi (1 au 12), imefungwa kwenye imeli gani, kadi gani (andika tarakimu nne za mwisho tu, namba nzima ya kadi usiiweke humo hata siku moja), linki ya kukansel, na nani anatumia. Hiyo linki ya kukansel usiidharau jamani, maana hawa jamaa wanaificha haswa, sasa ukiitafuta mara moja ukaihifadhi, siku ya siku unabonyeza tu basi.

Kuzipata zote, ingia Gmail tafuta receipt, invoice, renewal na trial moja moja, halafu pitia sehemu ya sabskripsheni kwenye Google Play au App Store, mwisho meseji za benki na za mtandao wa simu. Meseji ndiyo mashahidi wa kweli, kwa sababu bei ya kwenye tovuti na kinachokatwa ni vitu viwili tofauti. Mfano huduma ya dola 20, ikiongezwa VAT ya Kenya ya asilimia 16 ni dola 23.20, hapo bado benki haijakubadilishia kwa reti yake. Kwa hiyo weka kolamu mbili, bei iliyotangazwa na kilichokatwa kweli kwa shilingi. Ya pili ndiyo ya kujumlisha.

Sasa skripti. Nenda menyu ya Extensions, chagua Apps Script (sehemu ya Google ya kuandikia kodi kwa lugha ya JavaScript), andika fanksheni inayopita mstari kwa mstari, inakokotoa tarehe ya malipo yanayofuata, ikiona imekaribia inakutumia imeli kwa MailApp, yaani amri ya humo humo ya kutuma imeli. Akaunti ya kawaida ya Gmail inaruhusu wapokeaji 100 kwa siku kwa njia hii, wewe unahitaji mmoja.

Panapotaka akili ni tarehe. Umejiunga 31 Januari, malipo yanayofuata ni lini? JavaScript ukiiambia tu iongeze mwezi mmoja, haikuti 31 Februari kwa hiyo inateleza mpaka tarehe 3 Machi, na mwaka mrefu tarehe 2. Ukirekebisha ikawa 28 Februari halafu ukahesabia kuanzia hapo, Machi itakuja 28 badala ya 31, na haitarudi tena. Dawa yake ni kuhesabu kila mara kutoka tarehe ya kwanza kabisa, ongeza mwezi 1, 2, 3 mpaka ufikie tarehe ambayo haijapita leo, na mwezi ukiwa mfupi chukua siku yake ya mwisho. Tarehe ya kuanza usiiguse, iache ilivyo.

Kingine, usiandike sharti la "zikibaki siku 7 tuma". Siku hiyo skripti ikigoma ndo imeisha hiyo, hupati kitu. Andika "zikibaki 7 au pungufu, na bado sijatuma kwa ajili ya tarehe hii", halafu kwenye kolamu ya pembeni iandike ile tarehe ya malipo ambayo imeshakukumbusha ili isikusumbue kila asubuhi. Za mwaka mzima zipe siku 30 maana hela yake ni ndefu na unaweza ukataka kutafuta mbadala, trial za bure siku 3 zinatosha.

Ikishakuwa tayari weka triga ya kila siku (inayoiendesha skripti yenyewe bila wewe kubonyeza), chagua saa 2 mpaka saa 3 asubuhi, na kwenye settings za projekti hakikisha saa za eneo ni za Dar au Nairobi, la sivyo siku zinaweza kupishana. Kama imeli huzisomi, fungua bot ya Telegram kupitia BotFather (bot ya Telegram yenyewe ya kutengenezea bot nyingine), ni bure, upate tokeni yako, yaani neno la siri la bot, na skripti itume ujumbe huko kwa UrlFetchApp, amri ya Apps Script ya kuwasiliana na huduma za mtandaoni.

Kwa wenye ofisi ndogo, ile kolamu ya nani anatumia ndiyo italipa gharama yote, mtu anaacha kazi mwezi wa tatu na nafasi yake kwenye programu inaendelea kulipiwa mpaka Desemba, hakuna anayejua.

Kabla ya kujaza za kweli, weka mstari wa uongo uuite Jaribio, malipo yake yawe keshokutwa, rani skripti mara mbili mfululizo. Imeli inatakiwa ije moja. Zikija mbili, rudi kwenye ile kolamu ya pembeni.