Kabla Hujashika Polishi: Maandalizi ya Kusafisha na Kulinda Rangi ya Gari Nyumbani

Rangi ya gari ni nyembamba kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa gari lenye rangi yake ya kiwandani, tabaka zote zikijumlishwa, kuanzia praima inayozuia kutu hadi klia, yaani tabaka angavu la juu kabisa, unene wake mara nyingi ni mikroni 100 hadi 150. Mikroni 1,000 ndizo hufanya milimita moja. Klia peke yake, ile inayobeba mng'ao na kuikinga rangi dhidi ya jua, huwa na mikroni 35 hadi 50 hivi, pungufu ya unene wa unywele wa kawaida. Kila unapopiga polishi unapunguza klia hiyo, na ikishapungua haioti tena. Kwa hiyo lengo la maandalizi yote yanayofuata ni moja: kuifanya polishi ihitajike mara chache, na siku ikihitajika iondoe kidogo iwezekanavyo.

Anza kwa kuijua rangi uliyo nayo. Magari mengi ya sasa yana rangi na klia juu yake. Baadhi ya magari ya zamani na ya kazi, hasa yenye rangi ya kawaida isiyo na metaliki, yana rangi ya tabaka moja isiyofunikwa na klia. Kutofautisha si kazi ngumu. Chukua kitambaa cheupe, au cheusi kama gari ni jeupe, weka tone la polishi na usugue sehemu iliyojificha kama ukingo wa ndani wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hiyo ni tabaka moja, nayo hupokea polishi vizuri. Usishtuke tu ukiona vitambaa vinabadilika rangi kazi ikiendelea. Kama hakitoki na rangi yoyote, unasugua klia.

Kuna rangi mbili za kuziheshimu kwa namna ya pekee. Ya kwanza ni ile isiyong'aa, ya mati. Hiyo haipigwi polishi wala haipakwi nta ya kung'arisha, kwa sababu mahali utakaposugua patang'aa peke yake na hapatarudi kufanana na pengine. Ya pili ni rangi iliyopigwa upya hivi karibuni. Viyeyusho huendelea kutoka ndani yake kwa wiki kadhaa, na mafundi wengi hushauri kusubiri siku 30 hadi 90 kabla ya kuifunika kwa nta au kinga nyingine yoyote. Muulize aliyeipiga, maana anajua ametumia rangi gani na imekaushwaje. Kama gari ulilinunua likiwa limeshatumika na hujui historia yake, kipimo cha unene wa rangi ni kifaa kidogo kinachoweza kukuepusha na hasara kubwa. Kikisoma namba za juu mno mahali pamoja, pengine kuna puti, yaani kijazio cha mabonde ya bodi, chini ya rangi. Kikisoma chini sana kuliko bodi nyingine, kuna mtu ameshasugua hapo kabla yako, na ni vyema upaache.

Baada ya hapo kagua mikwaruzo. Gari likiwa safi, litazame juani au mulika tochi kali ukiwa umesimama kwa pembe. Mistari myembamba inayoonekana kuizunguka taa ndiyo alama za kuoshea: imetokana na sponji, matambara na vumbi, wala si ajali. Hiyo inaondoka kwa polishi. Kwa mkwaruzo mmoja mmoja, pitisha ukucha taratibu kuukatiza. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umeingia ndani kuliko unavyoweza kuufuata salama. Unaweza kulainisha kingo zake usionekane sana, lakini usiukimbize hadi uishe. Ukiona praima au bati, hapo panahitaji rangi ya kuziba kwanza ili kutu isipate njia. Na klia iliyoanza kubanduka na kuacha mabaka meupe juu ya paa au boneti haina dawa ya kwenye chupa. Ni kazi ya fundi rangi, hata tangazo liseme nini.

Sasa mahali. Bodi lazima iwe baridi, na kipimo chake ni kiganja: kama hakiwezi kukaa juu ya boneti bila kuhisi joto, subiri. Jua hukausha shampuu kabla hujaisuuza, na maji yanayokauka yenyewe huacha madini ya kalisi na magnesi yakiwa madoa ya duara. Tafuta kivuli kisichokuwa cha mti, kwa kuwa mti unadondosha utomvu na ndege hukaa juu yake. Sakafu ya vumbi linalopeperuka ni adui wa kazi hii. Imwagie maji kwanza. Angalia pia maji machafu yataelekea wapi, kwa kuwa mitaro ya mvua mara nyingi huishia mtoni bila kusafishwa, huku yakiwa na mafuta na vumbi la breki. Kama utatumia mashine ya umeme, waya wa kuongezea usilale kwenye maji, na soketi iwe na kikata umeme kinachofanya kazi.

Kwenye vifaa ndiko ninakokaa zaidi, kwa sababu huko ndiko rangi nyingi zinakoharibikia. Andaa ndoo mbili. Moja ni ya shampuu, nyingine ni ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Kila ukimaliza sehemu moja, glavu inaingia kwanza kwenye maji matupu, inatikiswa mchanga utoke, ndipo inarudi kwenye shampuu. Ukitumia ndoo moja, mchanga ulioutoa mlangoni unaupeleka kwenye boneti. Wavu wa plastiki chini ya ndoo husaidia kuuzuia mchanga ulioshuka usipande tena. Rimu ziwe na ndoo yake na brashi yake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma, nazo hazifai kukutana na kitambaa kitakachogusa rangi.

Shampuu iwe ya gari, isiyo kali. Sabuni ya vyombo ina wafuasi wengi, lakini siikubali kwa kuosha kwa kawaida: imetengenezwa kukata mafuta, hivyo huondoa nta uliyopaka, na haina utelezi wa kutosha wa kubeba mchanga bila kukwaruza. Acha pia sponji ngumu na fulana kuukuu. Tumia glavu ya mikrofaiba au ya sufi, na taulo kubwa ya mikrofaiba ya kukaushia, pamoja na vitambaa vidogo, vingi kuliko unavyofikiri utahitaji. Kitambaa kikidondoka chini, kimemaliza kazi yake siku hiyo. Fua mikrofaiba peke yake bila nguo za pamba, bila kilainishi cha nguo kwani hufunika nyuzi zisifyonze maji, na usikaushe kwa joto kali.

Jiandae na wewe mwenyewe. Vua pete, saa na bangili. Funika kifungo cha chuma cha mkanda na zipu kwa aproni au shati refu, kwa kuwa mtu anayejinyoosha kufikia katikati ya paa huegemea mlango bila kujua.

Uchafu wenye kiburi uushughulikie kabla ya glavu kugusa gari. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki, na kikikauka juani rangi iliyotanuka kwa joto husinyaa kukizunguka na kubaki na alama. Usikikwangue. Kilaze chini ya kitambaa kilicholowa kwa dakika kadhaa, kisha kiinue juu bila kusugua. Wadudu waliokauka mbele ya bampa wanahitaji subira hiyohiyo. Utomvu hulegea kwa pombe ya isopropili. Lami kwa dawa yake maalumu, na mahali hapo paoshwe tena kwa shampuu mara baada ya hapo. Petroli usiitumie: ni hatari ya moto na inaweza kudhuru rangi na plastiki. Kwa chembe za chuma zilizojichomeka kwenye rangi kuna dawa inayogeuka zambarau inapokutana na chuma. Inanuka vibaya, vaa glavu za mpira, na usiiache ikaukie juu ya bodi.

Ukiosha kwa mashine ya presha, shika ncha yake umbali wa sentimita 30 au zaidi na tumia ncha inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 25 au 40. Ile ya nyuzi sifuri, inayotoa mshale wa maji, usiielekeze kwenye rangi kabisa. Mahali palipomenyuka, hata presha ya wastani inaweza kuendeleza kumenyuka.

Gari likiwa safi na bado limelowa, ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa plastiki na uupitishe juu ya bodi. Mfuko huongeza hisia za vidole, na mara nyingi utahisi vipele ambavyo macho hayakuviona. Hivyo huondolewa kwa udongo laini wa kusafishia rangi, ambao huteleza juu ya kilainishi na kung'oa kilichonata. Tayarisha kilainishi kingi, kata udongo vipande vidogo, ukande upya kila mara upate uso safi, na ukianguka chini utupe bila huruma. Usipitie hatua hii kila unapoosha. Udongo wenyewe unaweza kuacha alama ndogo, kwa hiyo upange pale tu unapokusudia kupiga polishi au kupaka kinga mpya.

Kabla ya polishi, bandika mkanda wa karatasi kwenye plastiki nyeusi, mipira ya madirisha na kwenye mikunjo mikali ya bodi. Kwenye mikunjo rangi huwa nyembamba zaidi, na mashine hukazia nguvu zake zote hapo. Kwa anayeanza, mashine sahihi ni ile ambayo sahani yake inazunguka huku ikiyumba. Ile ya mzunguko mmoja tu hukata haraka, lakini inapandisha joto na inaweza kula klia kwa sekunde chache mikononi mwa asiyeizoea. Kompaundi, yaani polishi ya kukata mikwaruzo, ni kali, polishi ya kumalizia ni laini. Anza na iliyo laini kwenye eneo la majaribio la nusu mita kwa nusu mita, ufute, umulike tochi. Kama imetosha, endelea nayo gari zima. Kama haikutosha, ndipo upande daraja moja. Watu wengi huanzia juu, kisha hutumia siku nzima kufuta ukungu walioutengeneza wenyewe. Tayarisha pedi kadhaa, kwani pedi iliyojaa polishi na klia iliyosagwa hupata joto na kuacha kukata sawasawa.

Kinga uichague kabla ya kuanza kuosha, kwa sababu inaamua unahitaji muda kiasi gani. Nta ya carnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, inapakwa kirahisi na inasamehe makosa, lakini hudumu kwa wiki hadi miezi michache tu. Kinga za polima, yaani zilizotengenezwa kwa kemikali kiwandani, hukaa miezi kadhaa. Seramiki, kinga ya majimaji inayoganda ikawa ngumu juu ya rangi, hudumu zaidi ya zote, ila inadai zaidi: mafuta ya polishi yafutwe kwanza kwa mchanganyiko wa isopropili na maji, ipakwe sehemu ndogo ndogo, na ifutwe kwa wakati wake. Ukichelewa inaganda na michirizi yake, na hiyo haitoki ila kwa polishi tena. Kwa mtu ambaye hajawahi kupaka chochote, ningemshauri polima. Yoyote utakayoichagua, tabaka jembamba linatosha. Nta nene haiongezi ulinzi, inaongeza kazi ya kufuta.

Mwisho, soma utabiri wa hewa na upange gari litalala wapi. Nta inavumilia mengi, lakini seramiki nyingi hutaka kubaki kavu kwa saa 24 au zaidi, na kibandiko cha chupa ndicho cha kufuatwa. Kama huna paa, subiri siku kadhaa zisizo na mvua mfululizo. Breki zitakuwa zimelowa baada ya kuosha, hivyo endesha polepole mwanzoni na uzikanyage kidogo kidogo zikauke. Na wiki zinazofuata, vumbi jepesi likitua juu ya boneti, usilifute kwa kitambaa kikavu. Mwagia maji kwanza, utazame pia yanavyotenda: yakijikusanya matone na kuteremka, kinga bado ipo, yakitandaa na kubaki, ni wakati wa kuipaka upya, na huenda polishi haihitajiki kabisa.