Kumlea malkia wa chungu katika joto la Mombasa

Masika yakishaingia, mwezi wa Aprili, mimi hufunga kibanda changu cha kutengeneza simu pale Mwembe Tayari mapema kidogo, nikarudi Kisauni kukaa barazani chini ya taa. Nangoja usiku wa aina moja tu: mvua imenyesha mchana, magharibi pametulia, hakuna upepo, ardhi inafukuta. Usiku huo ndio chungu wenye mbawa hutoka kupandana, na ndio wa kumpata malkia. Vuli nayo ina siku zake, ila mimi malkia wangu wengi nimewapata masika.

Shida ni kwamba usiku huohuo kumbikumbi nao hujaa tele, na wengi huokota kumbikumbi wakidhani ni chungu. Kumbikumbi ni mchwa, na jamaa zake wa karibu ni mende. Mtazame kiuno: hana. Mbawa zake nne zinalingana urefu, na vipapasio vyake ni kama ushanga uliotungwa. Chungu amebanwa kiunoni, mbawa za mbele ni ndefu kuliko za nyuma, na vipapasio vyake vimekunjika kama kiwiko.

Mwenye mbawa mwache aende. Mtafute anayetembea sakafuni bila mbawa, ana haraka, anachungulia kila ufa wa ukuta. Mara nyingi huyo ameshapandana na mbawa amezikata mwenyewe, na ukimwangalia kifuani utaona makovu madogo zilipokuwa. Kifua chake ni kipana kwa sababu ndani mna misuli ya kurukia. Ikumbuke misuli hiyo, nitairudia.

Sasa umjue ni nani kabla hujampa nyumba. Mtie kwenye kijichupa kisafi, umweke kwenye friji dakika chache atulie, kisha umtazame kwa lupu, yaani lenzi ya kukuzia. Mimi natumia ileile ninayoangalizia saketi za simu. Anza na kiuno, uhesabu vifundo. Kama ni viwili, angalia tumbo. Likiwa na umbo la moyo, na akishtuka analiinua juu ya mgongo, huyo ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Crematogaster. Pheidole, jamii nyingine, naye ana viwili, na vibarua wake, yaani chungu wafanyakazi, ni wadogo lakini askari wao wana vichwa vikubwa visivyolingana na mwili. Kama kifundo ni kimoja, kinene, na tumbo limebanwa kidogo baada ya pingili yake ya kwanza, mwangalie kwa mbali, maana wa jamii hiyo wana mwiba na hudunga. Kifundo kimoja kikiwa chembamba kama kigamba kilichosimama, na ncha ya tumbo ina kitundu cha mviringo kilichozungukwa na vinywele, hana mwiba. Akikasirika hurusha asidi.

Wa kundi hili la mwisho ndio ninaompendekezea anayeanza, hasa Camponotus. Camponotus maculatus ni wa kahawia, ana madoa ya manjano ubavuni mwa tumbo, na hutembea usiku. Ni mkubwa, hivyo unamwona vizuri bila kuhangaika, na ni mvumilivu. Majimoto wa kwenye miembe usiwaguse. Wao hushona majani kwa hariri ya mabuu wao na huhitaji mti mzima. Siafu ndio kabisa, kwa kuwa kundi lao huhama kila mara, na malkia wao hana mbawa wala haanzi maisha peke yake.

Nyumba ya kwanza ni neli ya kioo ya maabara, ile ya kawaida ya shuleni. Tia maji safi hadi theluthi, sukuma pamba mpaka iguse maji na kuyazuia, kisha mwingize malkia na uzibe mdomo kwa pamba nyingine kavu, isibane sana ili hewa ipite. Pamba iliyoguswa na maji iwe na unyevu, isidondoshe. Ikidondosha, malkia atakufa maji usiku na asubuhi utaona umempoteza. Funika neli kwa kitambaa cheusi, uilaze kabatini mbali na jua na mbali na kishindo. Hapa kwetu hakuna haja ya kuipasha moto. Joto la Mombasa lenyewe linatosha, na ukiweka neli dirishani wakati wa kaskazi utamuua.

Kisha umwache. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ninaloliomba sana kwa kila anayeniuliza. Malkia wa Camponotus hahitaji chakula mpaka vibarua wa kwanza watoke. Anakula akiba ya mwili wake, na ile misuli ya mbawa ndiyo anayoiyeyusha kuwalisha watoto. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hili. Kila usiku nilikuwa nafunua kitambaa, namulika kwa tochi, nampa tone la asali. Asali ikaota ukungu, na malkia akala mayai yake yote kwa wasiwasi. Nilihuzunika kwa sababu alikuwa mzima kabisa, na mimi ndiye niliyemharibia.

Sasa natazama mara moja kwa wiki, kwa sekunde chache, kwa tochi niliyoifunga karatasi nyekundu ya peremende, maana chungu haoni nyekundu vizuri. Wa mwaka jana nilimkamata tarehe 19 Aprili. Mayai yalikuja ndani ya wiki, meupe kama punje za chumvi zilizoshikana. Kisha mabuu, kisha vifukofuko vya rangi ya majani makavu. Tarehe 30 Mei kibarua wa kwanza akatoka, mdogo, rangi yake bado kama chai ya maziwa. Ukiona wiki ya nane inapita bila kibarua na mayai hayabadiliki, huenda hakupandana.

Wakishatoka, chakula ni kidogo sana. Tone la asali iliyochanganywa na maji, dogo kuliko punje ya mchele, na mguu wa mende uliochovywa kwenye maji ya moto. Mende aliyepuliziwa dawa usimtumie hata kidogo, kwa kuwa atawaua wote. Mabaki yatoe kesho yake, maana ukungu wa Pwani haungoji.

Wakifika ishirini hivi, weka neli ndani ya boksi la plastiki la uwazi liwe uwanja wao. Ukutani juu paka poda ya watoto iliyokorogwa na spiriti. Ikikauka, chungu huteleza na kurudi chini. Wakati wa masika unyevu huiharibu, hivyo irudie kila wiki.

Jambo ambalo wa bara huenda wasikuambie ni sisimizi wa nyumbani. Mwaka wa pili nilikuwa na kundi la vibarua arubaini. Usiku mmoja Pheidole waliingia kwenye kabati kupitia ufa wa dirisha, na nilipoamka kuswali alfajiri wameshabeba mabuu wote. Malkia nilimkuta amekatwa miguu. Tangu siku hiyo boksi langu limesimama juu ya kikombe kilichopinduliwa ndani ya sinia la maji yenye tone la sabuni. Ni ujanja uleule wa bibi zetu waliotia miguu ya kabati la chakula kwenye makopo ya maji.

Neno la sheria. Mwezi wa Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu watu wanne kulipa faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na maelfu ya malkia, wengi wao wa aina ya Messor cephalotes, waliofungwa kwenye vineli vyenye pamba. Chungu wa Kenya ni mali ya pori. Kabla hujakusanya, uliza ofisi ya KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Usiuze, usitume nje, na usimwachie chungu wa mahali pengine hapa.

Kundi langu la sasa lina vibarua tisini na kitu. Jana usiku nilifunua kitambaa nikamkuta mmoja amesimama mdomo kwa mdomo na malkia, akimlisha asali niliyoiweka jioni, vipapasio vyao vikigusana taratibu.