Kupiga Usiku Mtakatifu kwa kinanda cha nyumbani bila kuwafunika waimbaji

Desemba ikiingia wengi mnashusha kinanda juu ya kabati, mnapangusa vumbi, mnataka siku ya mkesha wa Krismasi familia ikijaa sebuleni muimbe pamoja. Sasa naanza na jambo ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote: kinanda kwenye nyimbo hizi kipo kuwabeba watu waimbe, kwa hiyo ukiona wamenyamaza wanaangalia vidole vyako ujue umepiga sana, punguza.

Tuchukue Usiku Mtakatifu. Iliimbwa mara ya kwanza 24 Desemba 1818 kule Oberndorf, Austria, maneno ya padri Joseph Mohr na muziki wa Franz Xaver Gruber, na siku ile zilikuwa sauti mbili na gitaa, kwaya inaitikia mwishoni mwa ubeti. Gitaa moja tu jamani! Kwa hiyo ukiubebesha ngoma na matarumbeta unaua ule utulivu wake.

Kwa waliokulia kwaya, solfa yake, yaani noti kwa majina ya do re mi fa so la ti zikiandikwa kwa herufi ya kwanza, na alama ' ikimaanisha oktavu ya juu, hii hapa: s l s m mara mbili, r' r' t, d' d' s, halafu l l d' t l s l s m mara mbili, kisha r' r' f' r' t d' m', unamaliza d' s m s f r d. Umeona, sauti za wimbo zinatoka do ya chini mpaka fa ya oktavu ya juu, ni mbali sana kwa watu wasio na mazoezi. Ukipiga kwenye C ile fa ni F ya juu na hapo ndo akina baba wanakauka. Bonyeza kitufe cha TRANSPOSE ushuke mpaka -2, vidole vyako vinabaki kwenye C ile ile uliyoizoea ila sauti inatoka B flati. Mi huwa sishuki zaidi ya -3 manake ile do ya mwisho watoto wataikosa.

Kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ni tatu tu, C, F na G. Mstari wa kwanza wote C, kwenye r' r' t unaenda G, d' d' s unarudi C. Pale l l d' t l ni F, s l s m ni C, rudia hivyo hivyo. Ile r' r' f' r' t ni G, d' m' ni C, na mwisho d' s m ni C, s f r ni G, d ni C. Basi.

Hapo sasa ndo kuna kishawishi cha kuwasha staili, ile inayojipigia yenyewe ngoma na besi ukigusa kodi kwa mkono wa kushoto. Kwa kufanyia mazoezi sawa, chagua ya Waltz, ile ya mapigo matatu, tempo kwenye 80 au 90 hivi, itakunyoosha mapigo. Lakini siku yenyewe izime, kwa sababu staili haisubiri mtu. Watu wakifika kwenye ile fa ya juu wanaivuta, bibi anaivuta zaidi, wengine wanachukua pumzi, na mashine yenyewe inasonga tu, mkifika mstari wa mwisho nusu ya chumba wako mbele na nusu wako nyuma. Mkono wako unaweza kusubiri. Kushoto piga C, E, G moja moja, moja mbili tatu, moja mbili tatu, polepole kama unabembeleza mtoto, na kodi zingine vivyo hivyo, ukisikia wanavuta na we vuta nao.

Sauti ya kinanda naipenda piano ikichanganywa na Strings, ile sauti ya ala za nyuzi kama fidla, ila Strings iwe chini sana, isikike kama iko chumba cha pili. Kama una pedali, ile ya mguuni inayofanya sauti iendelee kulia, iachie kila kodi inapobadilika la sivyo inakuwa uji.

Kuanzisha piga mstari wa mwisho peke yake, d' s m s f r d, halafu usiishie hapo, gusa so moja uishikilie. Wengi wanasahau hii, wanamalizia kwenye do na watu wanaanzia do wakati wimbo unaanzia so, basi mnaanza na fujo.

Umeme nao. Vinanda vingi vya funguo 61 vina sehemu ya betri kwa chini, nunua mapema uweke. Mwaka mmoja niliacha adapta Dar, nimeshafika Moshi, jirani akanipa ya kwake, kidogo nichomeke, kucheki alama ya plasi na mainasi zimepishana na ya kinanda changu. Volti na hizo alama zisome kwanza, unaweza kuunguza kinanda usiku wa mkesha.

Ubeti wa mwisho ondoa mikono kabisa. Waache waimbe wenyewe, taa ukiweza punguza, na wakifika r' r' f' rudi na Strings peke yake, chini chini, mpaka do ya mwisho ipotee.