Kulala mu pori mwezi wa saba pembeni ya Lubumbashi (L'shi): panga kwanza chini, juu itafuata

Bantu ba mbali banafikiriaka Kongo yote ni joto tu. Bakuye balale inje hapa Lubumbashi mwezi wa sita ao wa saba, tutasikilizana. Muchana unatembea na shemizi, digri 25, usiku inashuka ku 7 ao 8, na kwenye mabonde chini inashuka zaidi. Mi napelekaka bana ba skuti kulala inje kila wakati ya baridi na kila mara iko mumoja mwenye alileta blanketi tatu za kujifunika, chini ametandika bashi (turubai) moja tu, na saa munane ya usiku njo iko anakaa karibu ya moto anatetemeka na blanketi zake zote tatu. Udongo njo unamukula joto.

Hatua ya 1: fasi

Usilale mu dembo, ile fasi ya chini ya majani yenye kushika maji wakati ya mvula. Najua inavutia, ni sawasawa, majani ni mafupi, maji iko karibu. Lakini usiku ya kiangazi haina mawingu, udongo unatupa joto yake juu, hewa yenye inagusa udongo inapoa, inakuwa nzito, inatelemuka pole pole mpaka fasi ya chini kabisa na inakaa pale mpaka asubui. Panda kidogo tu mu miti, mita kumi ao makumi mbili juu ya dembo, utasikia tofauti ku miguu yako mwenyewe. Matawi pia inasaidia, inapunguza ile joto yenye inakimbia ku mbingu. Ila usipande mpaka kichwani mwa kilima, kule mupepo itakumaliza.

Mupepo ya kiangazi kwetu inatokeaka kusini-mashariki, yaani kwa mutu wa L'shi ni upande wa Kasumbalesa. Tafuta kichuguu kimoja kikubwa, pori yetu imejaa, vingine vinapita mita 5, na ulale upande wenye kutazama kaskazini-magharibi. Mbele ya kuweka mizigo uzunguke kichuguu chote uangalie mashimo, juu nyoka nayo inapenda fasi ya kujificha, halafu inua macho: tawi kavu likiwa juu yako, hama.

Hatua ya 2: kitanda

Hapa njo uweke nguvu yako. Uliza mama mwenye kuuzisha makala akupe masaki mawili yenye haina kitu, uyakung'ute mbali na nguo. Ukifika mu pori uyajaze majani makavu, yale ya chini ya miti ao nyasi ndefu, ushindilie, ujaze tena, ufunge na kamba. Yapange moja nyuma ya ingine, mabega na kiuno vipate fasi ya nene, miguu unaweza kuiwekea mufuko wako wa mugongoni.

Lala juu yake mbele jua iingie. Kama mufupa wa kiuno unasikia udongo, haitoshe, ongeza. Mi nataka ibakie unene wa shibiri moja nikiwa nimelala, haiko mbele ya kulala. Kitu yenye inakupasha si majani yenyewe, ni hewa yenye imefungwa katikati, njo maana majani yenye yamelowa ni kazi ya bure.

Bashi ya juu usisumbuke nayo sana. Ifunge chini, upande mumoja uguse udongo kule mupepo inatokea, basi.

Hatua ya 3: moto

Fyeka na ufagie mpaka udongo uonekane, mita 3 kila upande. Mwezi wa saba nyasi zote ni kavu, kacheche kamoja kanatosha kuchoma pori na mashamba ya bantu. Moto wenyewe upange murefu, sawasawa na urefu wa mwili wako, na nyuma yake upange magogo kama kaukuta, joto irudi kwako. Kuni ikusanye mbele giza ije, rundo ifike ku kiuno. Brike (kiberiti ya gazi) uiweke mu mufuko wa ndani ya nguo, gazi ikipoa sana inawaka vibaya.

Na mbabula (jiko ya makala): HAIINGIE mu tanti (hema). Hata "dakika mbili tu". Makala yenye imeshika haina moshi, njo inadanganya bantu, ile hewa ya sumu haina harufu, haina rangi, unasikia usingizi mutamu na haulamuke.

Hatua ya 4: mwili

Ukipasua kuni vua sweta, jasho ya saa kumi njo baridi ya saa sita ya usiku. Badirisha shemizi na shosheti mbele jua iingie. Kula bukari na karanga mingi, mafuta inaungua pole pole ndani. Chemsha maji, tia mu chupa nguvu, funga na shosheti, weka katikati ya mapaja. Kojoa mbele ya kulala, mutu anajizuia usiku muzima juu anaogopa kutoka.

Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, hapana, hata bayaya bakikuchekelea. Inapasha ngozi, na ile joto inatokea ndani ya mwili inakimbia inje.

Muangalie mwenzako. Akitetemeka bado ana nguvu. Akianza kuangusha vitu, ulimi unakuwa muzito, halafu kutetemeka kunaacha bila kupashwa, ile ni hatari, mutoe nguo za maji, muingize mu kitanda na mutu mwengine, mupe chai ya sukari kama anaweza kumeza, na tafuta namna ya kumufikisha ku hospitali.

Hatua ya 5: jaribu mu lupango (kiwanja cha nyumba) kwanza

Lala usiku moja inje nyumbani, ukilamuka na baridi uangalie ni upande gani ya mwili, chini ao juu, na urekebishe ile tu. Wale wenye kuota dilungu (uwanda wa juu) ya Kundelungu bajue kule ni karibu mita 1.700, mita 500 juu ya L'shi, hesabu digri 3 chini tena, na ni parki, ruhusa inaombwa kwa ICCN, shirika ya serikali yenye kuchunga maparki. Asubui ya kuondoka mwanga maji ku majivu, koroga, mwanga tena, pima na mugongo wa mukono mpaka ipoe. Masaki rudisha kwa mama, anayahesabu ndani ya bei yake ya makala.