Jinsi ya Kutambua Maeneo ya Marekani Yenye Misimu Minne Kamili

Mtu anayejiandaa kuhamia Marekani huambiwa mara nyingi kwamba nchi ile ina misimu minne, naye huichukulia kauli hiyo kuwa inahusu nchi nzima. Ukweli ni kwamba inahusu sehemu tu. Miami haina majira ya baridi, San Francisco haina majira ya joto ya kueleweka kwa sababu mwezi wake wenye joto zaidi huwa Septemba na bado wastani haufiki nyuzi 20 za Selsiasi, na Fairbanks kule Alaska hupita kutoka baridi kali hadi majira mafupi ya joto yenye ubaridi kiasi. Kwa kuwa uamuzi wa mahali pa kuishi unagusa mavazi, gharama za kupasha nyumba joto, kilimo cha bustani na hata afya ya wazee na watoto, inafaa kujua namna ya kupima mji wenyewe badala ya kutegemea sifa za jumla.

Anza kwa kuiweka kalenda kando. Tarehe za kuanza kwa misimu, yaani karibu na 20 Machi, 21 Juni, 22 Septemba na 21 Desemba, zinatokana na jinsi dunia ilivyoinama kwa takriban nyuzi 23.4 inapolizunguka jua, nazo ni zilezile kwa Honolulu na kwa Boston. Hazikuambii lolote kuhusu hali utakayoikuta ukifungua mlango asubuhi.

Kinachokufaa ni jedwali la wastani wa joto wa kila mwezi, uliokokotolewa kwa kipindi cha miaka 30. NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, hutoa wastani huo bila malipo kwa maelfu ya vituo, na toleo linalotumika sasa linahusu miaka ya 1991 hadi 2020. Takwimu zake ziko katika Farenhaiti, lakini huhitaji kuzigeuza zote, kwani zinatosha namba mbili: 41, ambayo ni sawa na nyuzi 5 za Selsiasi, na 68, ambayo ni sawa na nyuzi 20. Mwezi ambao wastani wake uko chini ya 41 uuhesabu kuwa wa baridi, maana hapo nyasi karibu zinaacha kukua. Mwezi uliovuka 68 uuhesabu kuwa wa joto. Na miezi iliyo katikati igawanye kati ya ile inayopanda kuelekea joto na ile inayoshuka kuelekea baridi. Mipaka hii ni ya kwangu, na mtaalamu wa tabianchi anaweza kuchagua mingine, lakini inatenganisha miji vizuri. Mji ambao kila fungu kati ya haya manne lina angalau miezi miwili nauita mji wa misimu minne kamili.

Chukua Columbus, Ohio, kwa mfano. Desemba, Januari na Februari ziko chini ya nyuzi 5. Machi huvuka mpaka huo kwa shida, kisha Aprili na Mei zinapanda kwa kasi. Juni hadi Agosti ni joto la kati ya nyuzi 22 na 24. Halafu Septemba hadi Novemba joto linashuka. Ni miezi mitatu kwa kila fungu, mgawanyo ambao ni vigumu kuupata ulio sawa zaidi ya huo. Lexington, Kentucky, ambako kuna Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, nako kunafaulu, ingawa Septemba yake bado ina joto na kwa hiyo majira ya kupukutika kwa majani yanabaki na miezi miwili. Minneapolis inafaulu pia, lakini mwenye kuhamia huko ajue kwamba baridi inachukua miezi mitano, Novemba hadi Machi, na kwamba wastani wa Januari ni karibu nyuzi 9 chini ya sifuri.

Ukirudia zoezi hilo mji baada ya mji, utaona ukanda unajichora wenyewe. Unaanzia majimbo ya kaskazini-mashariki kama Maine, Vermont, Massachusetts na New York, unapita Pennsylvania, Ohio, Indiana, Illinois na Iowa, na upande wa kusini unafika Kentucky, Missouri na sehemu za Virginia. Sababu yake iko katika ramani. Bara lile halina safu ya milima inayolikata kutoka mashariki hadi magharibi, kwa hiyo baridi ya Kanada hushuka bila kizuizi wakati wa Januari, na hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko hupanda bila kizuizi wakati wa Julai. Isitoshe, pepo za latitudo hizo huvuma zaidi kutoka magharibi, na ndiyo maana pwani ya Pasifiki hupokea hewa iliyopozwa na bahari, ilhali pwani ya Atlantiki hupokea hewa iliyopita juu ya nchi kavu. Linganisha miji miwili yenye jina moja: Portland ya Oregon iko kaskazini kidogo kuliko Portland ya Maine, lakini Januari ya Oregon ina wastani wa karibu nyuzi 5 juu ya sifuri, na ile ya Maine karibu nyuzi 4 chini yake.

Baada ya takwimu, tazama miti. Mahali penye misimu minne kamili, misitu ya asili huwa na miti mingi yenye majani mapana inayojivua yote kila mwaka, kama mwaloni na mepo. Siku zinapofupika na usiku kupoa, kijani cha jani huvunjika, rangi ya manjano iliyokuwa imefichwa humo huonekana, na katika mepo hutengenezwa nyekundu mpya. Huko Vermont rangi hizo hukolea kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Lakini mimi naona dalili iliyo bora zaidi ni ile ya Machi, ambayo wageni wachache huja kuitazama. Wakulima hutoboa shina la mepo tundu dogo, hupachika kijibomba na kuning'iniza ndoo au kuunganisha mpira wa kupitishia utomvu, nao hutiririka tu pale usiku unapoganda na mchana unapoyeyusha. Maji hayo ni mepesi na hayana utamu mwingi. Huchemshwa mpaka lita 40 hivi zinabaki lita moja ya sharubati nzito. Kazi hiyo inahitaji majira ya kuchipua yanayokuja polepole, yakisukumana na baridi kwa wiki kadhaa, na haiwezekani mahali ambapo joto huingia kwa ghafla au ambapo baridi haikuwapo.

Usiridhike na jina la jimbo. Phoenix na Flagstaff zote ziko Arizona, lakini Flagstaff iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100 na hupata theluji ya zaidi ya mita mbili kwa mwaka, wakati Phoenix ina wastani wa Julai wa karibu nyuzi 35. Buffalo, iliyo kando ya Ziwa Erie, hufunikwa na theluji inayotokana na upepo baridi kupita juu ya maji ya ziwa yaliyo na joto zaidi. Denver inafaulu kwa hesabu ya wastani, ila theluji huanguka hata Aprili, kwa hiyo anayepanda mboga asidanganywe na wiki moja ya jua. Aulize tarehe ya wastani ya jalidi ya mwisho, ambayo maduka ya miche ya mtaani huifahamu vizuri.

Iko pia miji ya mpakani. Atlanta ina maua mazuri ya Aprili na majani mekundu ya Novemba, lakini Januari yake ina wastani wa nyuzi 7, na hivyo fungu la baridi linabaki tupu. Seattle ina majani yanayopukutika pia, ila mwaka wake hugawanyika zaidi kwa mvua na ukavu, hali ambayo mtu aliyezoea masika na kiangazi ataielewa upesi. Kwa miji ya namna hii, hakikisha unatumia jedwali jipya kabisa, kwa kuwa mpaka wenyewe unasogea: Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipotoa upya mwaka 2023 ramani yake ya ustahimilivu wa mimea, yaani ile inayoigawa nchi kwa madaraja kulingana na ukali wa baridi ambayo mimea italazimika kuivumilia, karibu nusu ya nchi iliingia katika daraja lenye joto zaidi kuliko lile la ramani ya 2012.